Carl Linnaeus, mtoto wa mchungaji aliyevipa viumbe majina mawili



Katika vilima vya Karuba, kule Masisi, wanafunzi wanaokaa kwenye benchi moja wanaweza kukiita kitu kimoja kwa majina manne. Maharagi ya mmoja ni ibishyimbo kwa mwenzake. Aliyekaa na jamaa wa Kinshasa atasema madesu, na kitabu cha shule kitasema haricot. Lengalenga yetu, ndugu wa Tanzania wanaiita mchicha, na sombe yetu kwao ni kisamvu. Kisha mwalimu wa biolojia anaandika ubaoni maneno mawili ya Kilatini, Phaseolus vulgaris, na watoto wanashangaa lugha hiyo isiyo ya mtu yeyote itawasaidia nini shambani.

Mshangao huo una haki. Tumeona vema kuujibu kwa kusimulia maisha ya mtu aliyeyaweka maneno hayo mawili ubaoni, kwa sababu ndani ya maisha yake kuna mambo ya kutujenga, na kuna jambo moja la kutuonya sana, sisi tunaoishi katika nchi hii.

Mtoto aliyesahau majina

Carl Linnaeus alizaliwa tarehe 23 Mei 1707 katika kijiji cha Råshult, kusini mwa Uswidi. Baba yake, Nils, alikuwa mchungaji wa Kilutheri, na mama yake, Christina, alikuwa binti wa mchungaji. Zamani familia hiyo haikuwa na jina la ukoo. Watu wa kijijini walijulikana kwa jina la baba tu. Nils alipokwenda chuo kikuu alihitaji jina la kuandikishwa, naye akalitwaa kutoka kwa mti mkubwa uliosimama katika shamba la jamaa zake, mti ambao Waswidi wanauita lind. Kwa hiyo mtu atakayevipa viumbe vingi majina, yeye mwenyewe aliitwa kwa jina la mti.

Nils alipenda bustani. Mtoto akilia, alitulizwa kwa kupewa ua mkononi. Alipokua kidogo alianza kuuliza majina ya mimea, na kila alipoambiwa alisahau, akauliza tena. Siku moja baba yake akamwonya kwamba hatamtajia tena jina lolote ikiwa atalisahau lililotangulia. Tangu hapo mtoto akajifunza kushika. Alipokuwa mzee, Linnaeus aliikumbuka onyo hilo kama mwanzo wa elimu yake.

Mwana asiyefaa kuwa mchungaji

Wazazi wake walitaka awe mchungaji kama baba. Walimpeleka shule katika mji wa Växjö, ambako wanafunzi walijifunza Kilatini na theolojia. Carl hakufanya vizuri. Alipenda kutoka mjini na kutafuta mimea porini. Mwaka 1726 baba yake alifika shuleni kuuliza habari za mwanawe. Walimu walimjibu kwamba kijana huyo hafai kwa masomo ya uchungaji, afadhali afundishwe kazi ya mikono.

Mzazi yeyote wa kwetu aliyeuza mbuzi au magunia ya viazi ili alipe minervali anaweza kuelewa moyo wa Nils siku ile. Lakini katika mji huohuo alikuwako daktari mmoja, Johan Rothman, ambaye pia alifundisha pale shuleni. Yeye aliona kitu ambacho wenzake hawakukiona. Alimwambia baba kwamba kijana anaweza kuwa daktari mzuri, akamchukua nyumbani kwake na kumfundisha mwenyewe elimu ya mwili na ya mimea. Wakati ule dawa nyingi zilitoka katika mimea, na daktari asiyejua mimea hakuweza kutibu.

Mwaka 1727 Carl aliingia chuo kikuu cha Lund, na mwaka uliofuata akahamia Uppsala. Huko umaskini ulimpata. Alitia karatasi ndani ya viatu vyake kwa sababu soli zilikuwa zimetoboka. Mwaka 1729 mzee mmoja alimkuta katika bustani ya chuo akichunguza maua, akamuuliza maswali, akastaajabia majibu yake. Mzee huyo alikuwa Olof Celsius, profesa wa theolojia, ambaye alikuwa akiandika kitabu juu ya mimea inayotajwa katika Biblia. Alimpa kijana chumba nyumbani kwake, chakula mezani na ruhusa ya kusoma vitabu vyake.

Tulitafakari jambo hili. Mwalimu mmoja wa kweli na mtu mmoja wa kanisa mwenye mlango wazi walitosha kuokoa kipawa ambacho shule ilikuwa imekwisha kukitupa.

Rafiki na ahadi

Pale Uppsala Linnaeus alipata rafiki, Peter Artedi, aliyependa samaki kama yeye alivyopenda mimea. Waligawana viumbe vya kuchunguza, wakaahidiana kwamba mmoja akifa, mwenzake ataimaliza kazi yake. Mwaka 1735 wote wawili walikuwa Uholanzi. Usiku mmoja Artedi alianguka katika mfereji wa maji mjini Amsterdam, akafa. Mwenye nyumba alizuia karatasi zake kwa sababu ya deni. Linnaeus alihangaika mpaka karatasi zikakombolewa, na mwaka 1738 kitabu cha Artedi juu ya samaki kikatoka, kwa jina la Artedi mwenyewe. Angeweza kuiba kazi ya marehemu, lakini hakuiba.

Kabla ya hapo, mwaka 1732, alikuwa amesafiri miezi kadhaa katika nchi ya baridi ya Lapland, kaskazini ya mbali. Huko aliishi na Wasami, wafugaji wa kulungu wa theluji. Aliandika jinsi wanavyokula, wanavyotibu wagonjwa na wanavyotumia kila mmea. Msomi wa chuo kikuu aliketi chini na kufundishwa na wafugaji, na hakuona haya.

Daktari aliyekosea juu ya homa

Mwaka 1735 alipata udaktari wake Uholanzi, katika chuo cha Harderwijk. Aliandika juu ya chanzo cha homa zinazokuja na kuondoka, ambazo sisi leo tunazijua kama malaria. Alidhani zinatokana na maji ya nchi zenye udongo wa mfinyanzi. Alikosea kabisa. Ilipita zaidi ya miaka 160 mpaka mwaka 1897, ambapo Ronald Ross, kule India, aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu.

Lakini ni Linnaeus huyohuyo aliyeipa jina miti inayotoa kwinini. Mwaka 1742 aliiita Cinchona, kwa heshima ya mke wa mtawala wa Chinchón wa Hispania, na hata jina hilo aliliandika kwa kosa la herufi. Miti hiyo, ambayo wengi wetu tunaiita kinkina, inalimwa mpaka leo katika vilima vya Kivu. Wanafunzi wetu wajue kwamba sayansi haikujengwa na watu wasiokosea. Ilijengwa na watu walioandika kazi yao waziwazi, ili wengine waweze kuipima na kuirekebisha.

Ndizi ya Paradiso

Katika Uholanzi tajiri mmoja, George Clifford, alimweka Linnaeus kuwa mwangalizi wa bustani yake kubwa. Ndani ya nyumba ya kioo kulikuwa na mgomba ambao haukuwahi kutoa maua. Linnaeus alifikiri juu ya nchi ambako migomba inatoka, akaamuru upewe joto, ukaushwe kwa muda, kisha unyeshewe maji mengi kana kwamba mvua imefika. Mgomba ukatoa maua, na watu wa Ulaya wakaja kuutazama. Mwaka 1736 aliandika kitabu kidogo juu ya mmea huo. Baadaye aliuita Musa paradisiaca, kwa kuwa alidhani huenda ndizi ndiyo iliyokuwa tunda la bustani ya Edeni. Akina mama wa kwetu wanaorudi na mikungu mgongoni wangecheka kusikia hivyo, lakini jina hilo linaandikwa katika vitabu hata leo.

Majina mawili tu

Zamani zile jina la mmea lilikuwa sentensi nzima ya Kilatini, yenye kueleza shina, majani na maua. Kila mtaalamu alikuwa na sentensi yake. Nani angeweza kuishika yote? Mwaka 1753, akiwa sasa profesa wa Uppsala na mume wa Sara Elisabeth, Linnaeus alitoa kitabu cha juzuu mbili chenye karibu aina 6,000 za mimea. Kila moja aliipa majina mawili tu. Mwaka 1758 alifanya hivyo kwa wanyama wote aliowajua.

Jina la kwanza ni la jenasi, yaani ukoo, nalo huanza na herufi kubwa. La pili ni la spishi, yaani aina yenyewe, nalo huandikwa kwa herufi ndogo. Ni kama daftari la majina ya darasa letu la Kongo, ambapo jina la mtu linatangulia na lile la ubatizo linafuata mwishoni. Mwanafunzi akiandika kwa mkono, apige mstari chini ya majina yote mawili.

Tukitazama mashamba ya Masisi tunaona kazi yake kila upande. Mahindi ni Zea mays. Viazi ni Solanum tuberosum. Maharagi ni Phaseolus vulgaris, kahawa ni Coffea arabica, na ng'ombe anayetoa maziwa ya jibini yetu ni Bos taurus. Haya yote yalitoka katika kalamu yake. Mengine aliyoyatoa yamerekebishwa. Muhogo aliuweka katika ukoo usio wake, na mwaka 1766 mtaalamu mwingine, Crantz, akauita Manihot esculenta.

Faida yake ni nini? Mkulima wa Karuba akipata ugonjwa katika viazi, mwalimu akaandika Solanum tuberosum katika barua, barua hiyo itaeleweka Nairobi, Lima na Beijing bila mkalimani. Muuguzi akitaka kujua kama mti fulani ni dawa au ni sumu, jina la kienyeji linaweza kumpoteza, kwa sababu vijiji viwili vinaweza kuita miti miwili kwa jina moja. Jina la Kilatini halifuti jina la nyanya zetu. Linasimama kando yake, kama shahidi.

Nyuzi, mita na kilo

Pamoja na kutaja kuna kupima. Profesa Olof Celsius alikuwa na mtoto wa ndugu yake, Anders Celsius, mtaalamu wa nyota. Mwaka 1736 na 1737 Anders alikwenda pamoja na Wafaransa kaskazini mwa Uswidi kupima umbo la dunia, na vipimo vyao vikasaidia kuonyesha kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake. Mwaka 1742 alitoa kipimo cha joto chenye nyuzi 100, lakini yeye aliweka 0 mahali maji yanapochemka na 100 yanapoganda. Alipokufa mwaka 1744, watu wa Uswidi walikigeuza kikawa kama tunavyokijua. Linnaeus alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kukitumia hivyo, mwaka 1745, katika nyumba ya mimea ya Uppsala.

Celsius alijua pia kwamba maji hayachemki kwa joto lilelile kila mahali. Sisi watu wa milimani tunaliona jambo hilo jikoni. Penye mita 2,000 juu ya bahari maji huchemka karibu na nyuzi 93, ndiyo maana maharagi yanakula kuni nyingi huku juu. Mwalimu mwenye kipimajoto kimoja na sufuria anaweza kulionyesha darasani.

Linnaeus mwenyewe alipima mimea kwa futi na inchi za nchi yake, maana mita ilikuwa haijazaliwa. Wafaransa waliiweka katika sheria mwaka 1795. Waliamua kwamba mita moja iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta, na ikweta hiyo inapita hapa jimboni mwetu, katika Lubero. Sababu yao haikuwa ya wataalamu peke yao. Kila eneo lilikuwa na kipimo chake, na mwenye nguvu alinunua kwa kipimo kikubwa na kuuza kwa kidogo. Mwaka 1875 mataifa 17, Uswidi ikiwamo, yalitia sahihi Paris mapatano ya kutunza vipimo hivyo pamoja.

Sisi tunaelewa. Sokoni kwetu kuna kopo lililobonyezwa chini na ndoo iliyokatwa mdomo. Kuna gunia lililoshonewa juu kilemba cha viazi, ambalo bado linaitwa gunia moja. Kitabu cha Mithali kinafundisha kwamba Mungu anachukizwa na mizani ya uongo. Mtoto anayejua kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na kwamba bidoni ya lita 20 ikijaa maji inabeba kilo 20, ni vigumu kumdanganya kwenye mizani. Anayejua kwamba hekta ni mita 100 kwa mita 100 anaweza kusimama na baba yake siku ya kugawana shamba. Na mama anayejua uzito wa mtoto wake kwa kilo atamsaidia muuguzi kutoa dawa isiyozidi wala kupungua.

Kosa ambalo lilitufikia

Sasa tuseme na lile la kutuonya. Linnaeus aliiweka hata jamii ya wanadamu katika kitabu chake, na wapo watu wa dini waliokasirika kwa sababu alitupanga karibu na nyani. Kosa lake kubwa lilikuwa lingine. Aliwagawa wanadamu katika makundi manne kufuatana na bara na rangi ya ngozi, na mwaka 1758 akaongeza tabia kwa kila kundi. Mtu wa Ulaya alipewa sifa njema. Mtu wa Afrika alipewa maneno ya dharau, na Linnaeus hakuwahi kukanyaga Afrika. Yeye aliyekaa kwa unyenyekevu na Wasami, hapa aliandika masimulizi ya wasafiri kana kwamba ni sayansi.

Wengine waliofuata walichukua ngazi hiyo wakaipanda. Mafundisho ya kupanga watu kwa vyeo vya damu yalifika hata kwetu pamoja na ukoloni. Katika Rwanda ya miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika kabila katika kitambulisho cha kila mtu, na tunajua karatasi hizo zilisaidia nini mwaka 1994. Katika Masisi pia jina la kabila limekuwa sababu ya kufukuzana. Vita vimepita mara nyingi juu ya vilima vya Karuba, na familia zimeshuka na magodoro kichwani kuelekea Sake na Goma.

Katika Mwanzo, sura ya 2, Adamu aliwapa wanyama majina. Alipoletwa mwanadamu mwenzake, alimtambua kuwa mfupa wake na nyama yake. Tunaruhusiwa kupanga mimea katika koo ili tuielewe. Hatukupewa ruhusa ya kumpanga jirani ili tumdharau. Na jambo la ajabu ni kwamba ukurasa uleule wa Linnaeus wenye kosa hilo una pia jina la kweli, Homo sapiens. Ni jina moja la spishi moja. Mhunde, Mhutu, Mtutsi, Mnyanga, Mtembo, Mnande, Mbelgiji na Mswidi, wote wanaandikwa kwa maneno hayohayo mawili.

Mwisho wa safari

Linnaeus alipenda kufundisha nje. Aliwaongoza wanafunzi mashambani kuzunguka Uppsala, wakirudi jioni kwa ngoma na tarumbeta. Baadhi yao aliwatuma mbali duniani, na si wote waliorudi. Peter Forsskål alifia Yemen mwaka 1763. Mfalme alimpa Linnaeus cheo cha heshima, akaitwa Carl von Linné. Lakini mwaka 1774 alipatwa na kiharusi, na baadaye kingine. Mtu aliyeshika maelfu ya majina alifika mahali pa kusahau hata la kwake. Alikufa tarehe 10 Januari 1778 na kuzikwa katika kanisa kuu la Uppsala. Mimea yake iliyokaushwa inatunzwa London, na wataalamu bado wanaifungua kuthibitisha majina.

Wapendwa walimu, wengi wenu hamna maabara. Linnaeus alianza na bustani ya mchungaji. Pale palipo na usalama, toeni watoto nje. Kateni kamba ya mita moja na kuitia fundo kila sentimita kumi. Kausheni majani ndani ya karatasi za magazeti ya zamani. Kando ya kila jani andikeni jina kwa Kihunde, kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kila mtoto akileta lile alilofundishwa na bibi yake. Chini yao wote andikeni yale mawili ya Kilatini. Watoto wataona wenyewe kwamba jani ni moja, na kwamba hakuna aliyepoteza jina lake.

Na wazazi, mkiitwa shuleni na kuambiwa kwamba mtoto wenu hafai, msirudi nyumbani kwa hasira. Ulizeni kwanza anapenda nini anapokuwa peke yake. Kanisa nalo liangalie kama katika paruwasi zetu kuna chumba, sahani ya chakula na vitabu vichache kwa mwanafunzi mwenye viatu vilivyotoboka.

Bwana awabariki na kuwalinda katika kazi hiyo.